Habari ya Njia ya Kampene

Mama Anjelika,

Rehema amekuja. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua hiyo njo habari ungetaka kuisikia kwanza. Yule mwanamke wa Kigoma tuliyemsukuma juu ya baisikeli wakati wa vita ameshuka kwa treni hapa Kindu, siku ya Alhamisi, miezi minane baada ya sisi kukuzika. Amenenepa, na magoti yanamsumbua. Aliposhuka kwenye behewa hakunitafuta mimi. Aliangalia kwanza dirisha la gishe, pale ulipokuwa ukiuza tikiti, ambalo sasa limezibwa kwa mbao. Akasimama hapo na begi lake kichwani mpaka watu wakaanza kumsukuma. Ndipo nikamshika mkono.

Nikueleze alivyofika, maana ungeuliza. Mwezi wa pili baada ya kifo chako alinipigia simu. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa amempelekea habari Kigoma, kwamba mama wa gishe wa Kindu amekufa kwa ugonjwa wa sukari. Alilia kwenye simu, mimi pia, kisha akasema anataka kuja kuliona kaburi, apite wapi. Nilifurahi kuulizwa, Mama, hata katika huzuni ile. Nilikaa vizuri kwenye kiti kama ulivyokuwa unakaa wewe. Nikamwambia kwamba anaweza kuja kwa ndege, lakini azunguke mpaka Lubumbashi na kusubiri hapo ndege ya Kindu, ambayo inakuja siku ikitaka. Na zile za Goma hazifiki tena tangu vita virudi kule. Anaweza kupita njia ileile yetu ya zamani, Kabambare na Kasongo, sasa kwa pikipiki, lakini upande wa ziwa watu wa bunduki bado wako. Au avuke ziwa kwa boti mpaka Kalemie, kisha apande treni hadi huku kwetu. Nikamwambia asifunge begi kabla sijampigia.

Nikatafuta mtu aliyeshuka kwa treni ya mwisho. Nikampata mwalimu mmoja wa Kibombo. Nilimuuliza mabehewa yalitoka relini mara ngapi, walilala wapi, maji ya kunywa waliyapata wapi, akina mama walijisaidia wapi. Alinishangaa, lakini alijibu yote. Nikampigia Rehema: njoo kwa treni, beba chakula cha siku kumi, usipande behewa la mwisho. Alisubiri miezi treni ipatikane, kisha akasafiri siku kumi na mbili kutoka Kalemie. Siku mbili za mwisho alikula mihogo ya kuchoma aliyonunua njiani, na alinilaumu kwa hizo siku mbili kuanzia stesheni mpaka nyumbani.

Wasichana wawili ninaofanya nao kazi ya kuelekeza wasafiri, Furaha na Zaituni, hawaamini nikiwaambia kwamba miaka fulani mji huu ulikuwa umefungwa pande zote. Wao wamekua na pikipiki mlangoni na simu mkononi. Sisi treni ilikatika. Ndege zilileta askari na kuchukua askari. Masua, zile meli za mtoni, zilizama au zilinyang'anywa. Wenzako wa reli wakaenda kulima. Wewe ukaendelea kuvaa lile koti la buluu lenye vifungo vya shaba na kufungua gishe kila asubuhi, hakuna treni, hakuna tikiti. Majirani wakasema kichwa chako kimeharibika. Mama yangu hakusema hivyo. Shule yangu ilikuwa imefungwa, nina miaka kumi na tisa, nashinda nimekaa tu. Akanituma kwako nikusaidie, ingawa hakujua nikusaidie nini.

Nilikukuta unafuta ubao mweusi uliokuwa na saa za treni. Ukaandika upya, kwa mwandiko ule wa kunyooka: Kampene, Lubutu, Kibombo, Ubundu. Mbele ya kila jina ukaweka hali ya njia, na chini yake jina la mtu aliyetoka huko na siku aliyofika. *Daraja limeanguka. Askari wengi mtoni. Nzuri mpaka Punia, mbele mbaya.* Watu wakaanza kuja kusoma. Alikuja mama anayemtafuta mtoto wake, akaja muuza chumvi, akaja mtu mwenye mgonjwa mgongoni. Askari nao walikuja, wakijifanya wanapita tu. Hukuwa na safari ya kumuuzia mtu, lakini katika Kindu yote hakuna aliyejua kama wewe jinsi ya kutoka na jinsi ya kuingia.

Kazi yangu mimi ilikuwa miguu. Kila asubuhi nivuke mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, nikae pale njia ya Kampene inapofikia maji, niulize wanaofika. Ulinipa swali moja tu na ukanikataza kurudi bila jibu lake: "Nani njo alitoka kule leo?" Aliyetoka jana hukumtaka. Aliyesikia kwa shemeji yake hukumtaka kabisa. Na mimi nilivuka, Mama. Mvua na jua, nilivuka. Nataka ukumbuke hilo unaposoma mbele.

Rehema alikuwa amefika Kindu na mojawapo ya treni za mwisho, kumfuata mume wake aliyekuwa akiuza dagaa wa ziwa sokoni. Vita vikawakuta hapa. Msimu wa pili wa mvua mume akafa kwa homa. Akabaki mjane wa miaka ishirini na mitano, mimba ya miezi sita, nchi ya watu, hana hata shangazi. Alikuja dirishani kwako akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Samahani, ninaomba tiketi moja ya Kalemie," kana kwamba treni inapiga honi nje. Mimi nilitaka kucheka. Wewe ulitoka nje, ukamwekea kiti, ukaanza kumweleza.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, wiki tatu nzima, akikaa kwenye kiti kilekile. Alitaka kujifungulia kwa mama yake. Siku za kwanza kila mtu aliposema "njo", ile "ndiyo" yetu, yeye alisimama, akidhani anaitwa. Mtu anasema, "Huyu njo mama wa gishe," na Rehema huyo, tayari wima. Ulicheka mpaka ukafuta macho kwa mkono wa koti. Vita vyote vile sikukuona tena ukicheka namna hiyo.

Ulimwambia kwamba mto unakwenda upande wa Ubundu na Kisangani, kuzidi kumtupa mbali na kwao, na huko walikuwa wanapigana. Ndege ni ya wakubwa. Ilibaki baisikeli: Kampene, Kasongo, Kabambare, kisha ziwa. Ukawapata vijana wawili wa kubeba chumvi, Assani na Ramazani, watu wa mtaa wa Mikelenge hapa mjini, hodari wa kusukuma. Wakakubali kumweka Rehema juu ya mzigo. Ilibaki kujua siku.

Sasa nifike pale ambapo miaka yote hii sikufika.

Siku ile ulinituma Alunguli kama kawaida, ukaniambia niulize vizuri kuliko siku zote, kwa sababu ya Rehema. Ilikuwa inanyesha. Nilipita kwa rafiki yangu nyuma ya soko nijikinge kidogo. Alikuwa anasukwa, na msusi akaniambia kaa, zamu yako ni sasa hivi. Nikakaa. Akaingia mwanamke muuza mawese, tukampisha kwenye mkeka, na katika maongezi akasema njia ya Kampene imetulia. Sikumuuliza ametoka huko lini. Sikumuuliza kama ametoka huko kabisa. Nilijiambia, basi, jibu nimelipata, kuvuka kwa nini. Nilirudi kwako alasiri, nywele zinanivuta ngozi ya kichwa, nikasema, "Njia iko muzuri. Nimeuliza ngambo." Ukaniangalia. Ukachukua chaki, ukaandika.

Waliondoka kesho yake alfajiri. Siku ya nne Ramazani alirudi peke yake, bila baisikeli, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Wenye bunduki walikuwa wamewasimamisha kwenye daraja, kabla ya kufika nusu ya njia ya Kampene. Walikuwa hapo tangu siku mbili kabla ya mimi kusukwa. Mtu yeyote aliyefika Alunguli siku ile angeniambia.

Ramazani alisema Rehema alikimbilia msituni. Kuhusu Assani alisema tu kwamba Assani alikataa kuachia baisikeli.

Watu walijaa stesheni. Rafiki za marehemu mume wa Rehema walisema umemuuza. Mke wa Assani alikuwa amesimama nyuma, na mtoto mgongoni. Nilikuwa karibu na ubao, nasubiri uninyooshee kidole. Ukasema, "Mimi njo niliandika. Kosa ni yangu." Hukuniangalia.

Asubuhi ulivaa koti, ukafunga nguo mbili ndani ya kikwembe chako cha kitenge, ukaenda mtoni. Nilikufuata. Hukuniita, hukunifukuza. Tulitembea siku nne, tukiuliza kila shamba, na katika kijiji kidogo cha wakulima wa Pangi tukamkuta Rehema amekaa mlangoni kwa mwanamke aliyemuokota kwenye kijito, miguu imevimba kama mihogo, anachambua mchele. Alipokuona alisema, "Mama, treni imeshafika?" Mpaka leo sijui kama alitania au akili ilikuwa imemchoka. Uliketi chini pale pale kwenye vumbi, na koti lako la vifungo, ukalia.

Assani hatukumpata. Ulikwenda mpaka karibu na daraja, peke yako, ukaniacha na Rehema. Uliporudi ulisema watu wa hapo wamemzika, na wamekuonyesha mahali. Basi. Ulinawa mikono, ukauliza kama kuna baisikeli ya kuazima kijijini.

Ningeweza kuandika daftari zima juu ya wiki tano zilizofuata. Tulifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, mmoja anaongoza, mmoja anasukuma, na Rehema juu, amekalia kikwembe kilichokunjwa, anatuombea dua kwenye kila mteremko. Kwenye barieri moja iliyofunga njia mbele ya Kampene ulimwambia askari kwamba wewe ni wa reli, unakagua njia. Hakuna reli Kampene, Mama. Haijawahi kuwako. Yule kijana akaangalia vifungo vyako, akakupigia saluti. Kasongo tulilala kwa watu wa msikitini. Kabambare Rehema alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Msafiri, na baada ya arobaini wanawake wa biashara wakawachukua mama na mtoto mpaka ziwani. Tukarudi na baisikeli tupu, tukaiacha kwa wenyewe kule Pangi, tukaendelea Kindu kwa miguu. Tulipofika ulikwenda moja kwa moja Mikelenge kwa mke wa Assani, na mimi nikabaki nje ya uzio.

Sikukuambia. Njia nzima ya kurudi sikukuambia. Baadaye, ulipokuwa mgonjwa, miguu yako inaoza na mimi njo nabadilisha vitambaa, nilifungua mdomo mara ngapi. Nilidhani umebeba kosa langu mbele ya mji mzima bila kujua, na nikikuambia nitakuua kabla ya ugonjwa.

Kwa hiyo nilimwambia Rehema. Ijumaa, tulipotoka kaburini, tulikaa nyumbani kwangu tukala wali na sombe, kisamvu cha kwetu, na nikamwambia yote: mvua, msusi, muuza mawese. Nilisema haraka ili nisisimame katikati. Yeye alimaliza kula kwanza. Kisha akasema, taratibu, "Dada Mwamini, Mama alijua."

Akanieleza. Kati ya Kampene na Kasongo, siku moja nilipokwenda kuchota maji, ulimwambia. Anayakumbuka maneno yako kama yalivyo, na ameyatunza kwa Kiswahili chako, si chake: "Mutoto alirudia na nywele mupya na kikwembe kikavu, na mvua ilinyesha mutoni siku yote. Nilijua hakuvuka. Niliandika tu, kwa sababu nilichoka kukuona kwa ile kiti."

Nilikukasirikia, Mama Anjelika. Nakuandikia kweli. Siku mbili sikutaka kusikia jina lako. Miaka zaidi ya ishirini nilijiona mimi ni muuaji na wewe ni mtakatifu aliyenifunika kwa koti lake, kumbe siku ile mbele ya watu ulikuwa unasema jambo lilivyo, neno kwa neno. Uliandika, na ulijua. Kwa nini hukuniambia? Tungelibeba pamoja. Ulikuwa unaogopa nitakudharau? Au ulikuwa unasubiri mimi nianze, kama mimi nilivyokuwa nasubiri nguvu ya kuanza? Tulikaa nyumba moja kila siku, tunakula sahani moja, na kila mtu ameshika upande wake.

Siku ya tatu hasira ilitoka. Sikuifukuza, ilitoka yenyewe nikiwa kazini. Nimeweka meza yangu karibu na bandari, hapa Kasuku, na parasoli ya kujikinga jua, na ubao. Alikuja msichana wa Ulaya, mkoba mkubwa mgongoni, mwekundu kwa jua, na karatasi aliyochapa kwao inayosema kwamba treni inaondoka Kindu kila Jumanne. Alitaka kufika Kisangani. Nilimweleza polepole: boti la mbao mpaka Ubundu, kisha ashuke kwa sababu ya maporomoko, amalizie kwa pikipiki; au pikipiki tangu hapa, Punia, Lubutu, kisha Kisangani. Akauliza ipi ni salama. Mkubwa mmoja wa motari, hao waendesha pikipiki wetu, alikuwa amesimama nyuma yake, ananikonyeza niseme Lubutu, kwa sababu ana pikipiki mbili zimekaa bure. Siku ile hakuna mtu aliyekuwa amefika kutoka Lubutu. Nikamwambia sijui, arudi kesho. Motari akaniambia mbele ya watu kwamba ninaharibu kazi za vijana. Nikamwambia aende Punia aniletee habari, akirudi nitamwandikia kwa rangi. Watu wakacheka, naye akacheka. Nilipokaa nikaona kwamba neno "sijui" limenitoka kirahisi, bila aibu, na kwamba hilo njo ulilonifundisha baada ya daraja lile. Kabla yake hata wewe ulikuwa hulijui. Tulijifunza wote wawili, kwa damu ya mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine ana mke.

Kesho yake nilikwenda Mikelenge. Rehema alisema tutakwenda wote, akakodi pikipiki ya peke yake kwa sababu alisema tukipanda mishikaki na unene wake tutaanguka. Mama Sifa, mke wa Assani, alikuwa anapepeta mchele. Amezeeka kuliko umri wake. Alimjua Rehema kabla hajaambiwa, akamshika uso kwa mikono yenye pumba. Nilisubiri wamalize. Kisha nikamwambia kama nilivyokuandikia hapa, na nikamwambia pia sehemu yako, kwa sababu kwa nusu ya kweli ningekuwa nimemdanganya mara ya pili.

Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: siku ile mimi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nasukwa. Akaangalia nywele zangu, ambazo sasa zina mvi na nazifunga kitambaa tu. Akaingia ndani. Tulikaa muda mrefu uani na kuku. Alipotoka alimwambia Rehema maneno ya kwaheri vizuri, kama dada. Kwangu alisema, "Wende tu, Mwamini. Usirudie hapa. Kama nakutaka, nitakutuma mutu."

Nikaenda. Sikulia njiani. Utashangaa nikikuambia nilikuwa mwepesi. Kusamehewa hakukuwamo katika wepesi ule. Ilikuwa tu kwamba sasa kile kitu kiko mahali pake, na mwenye haki ya kukikasirikia anakijua.

Rehema aliondoka na treni ileile ilipogeuza, baada ya kukaa hapa wiki moja. Nilimbebea chakula cha siku kumi na tano, asinilaumu tena. Msafiri anafundisha hesabu shule moja ya Kigoma, na ana mtoto. Kwenye kaburi lako Rehema alipanda maua mekundu ambayo mbuzi wa jirani wameshayala. Nimepanda mengine na kuzungusha miiba.

Wiki tatu zikapita. Juzi mchana nilikuwa nabishana na muuza mafuta juu ya parasoli, akaja msichana mrefu, amevaa vizuri, akaniamkia kwa heshima. Akasema yeye ni Sifa, wa Mikelenge. Amemaliza masomo ya uuguzi na amepata kazi Lubutu, anatakiwa kufika kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yake alikuwa ameshampatia motari, mtoto wa mjomba. Kisha jana yake akabadili neno. Akamwambia: nenda kwanza bandarini kwa Mwamini, yeye akikuambia panda, panda.

Ilibidi nijifanye natafuta kalamu.

Tangu juzi nimevuka mto mara nne, Mama, na magoti yangu nayo si ya zamani. Jana nimezungumza na watu sita waliotoka Lubutu kwa siku tofauti, na asubuhi hii mmoja aliyelala Punia. Nimemkagulia motari breki, matairi na mdomo, nione kama amekunywa. Nimempigia simu mama mmoja wa kule atakayempokea. Na bado nimeamua nitapanda pikipiki ya pili, nyuma yao, mpaka Punia. Furaha na Zaituni wamesema nimezidi. Labda. Watakaa na meza siku tatu.

Jambo moja nakuahidi. Nikirudi, nitawakalisha wasichana wale wawili na kuwaeleza habari ya njia ya Kampene, yote, na nywele zangu na chaki yako. Wamezoea kukusikia kama mama wa vifungo aliyepigiwa saluti na askari. Wataendelea kukusikia hivyo, maana ulikuwa hivyo. Lakini watasikia pia kwamba ulichoka siku moja na ukaandika. Sitakuficha tena, wala sitajificha nyuma yako. Najua ungeinua mkono ule wa kusema inatosha. Safari hii sitatii.

Kwaheri, mama yangu wa kazi na wa maisha. Upumzike, miguu yako imefanya ya kutosha. Nikifika Punia nitakutaja kwa watu wa zamani, bado wako wachache wanaokumbuka ubao wako.

Nimalize, mtumbwi wa Alunguli unaanza kujaa. Sifa amefika na sanduku lake jekundu. Mama yake amemsindikiza. Amesimama mbali kidogo, upande wa wauza mafuta, na chakula kimefungwa kwenye majani, cha njiani nadhani. Hajaniangalia bado. Lakini vifurushi anavyoshika ni viwili, na Sifa ni mmoja.

Naenda kumsalimia.

Mwamini